Mnyama wa Makangale

Masoud Kificho wa mtaa wa Jadida, Wete, ana sauti kumi na nne, kila moja na namba yake, na hapa Pemba karibu zote zinajulikana. Ana sauti ya jambazi, ya polisi, ya bibi kizee, ya mtoto anayelia, na ile ya msichana wa kizungu ambayo huitoa akiwa ameuma ncha ya kitambaa kwa magego. Asubuhi hutengeneza redio na TV katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Baada ya adhuhuri hujifungia stoo, huegemeza godoro mlangoni ili kelele za mtaa zisiingie, na huanza kutafsiri filamu za nje kwa Kipemba. Mkewe, Bi Jawaher, amekatazwa kutwanga chochote saa hizo. Katazo hilo hulifuata siku akijisikia.

Flashi zake hutoka Wete zikafika mpaka Mkoani, na wapo watu wazima na ndevu zao wanaoapa kwamba filamu isiyopita kwa Masoud haijesha kutengenezwa. Hatafsiri neno kwa neno. Kiingereza chake chenyewe hakimruhusu. Yeye huichukua picha yote akaihamishia kwetu. Steringi akiingia mgahawani huagiza chapati na maharage. Mwizi akikimbizwa hukimbizwa kuelekea Chake. Na kila kitu kinachong'ata watu, kiwe mfu aliyefufuka, kiwe zimwi, kiwe mchawi mwenye kucha, lazima kitoke Makangale.

Hili la Makangale lilianza miaka kumi na sita nyuma, katika filamu yake ya mwanzo kabisa. Palikuwa na bwana mmoja mrefu anayenyonya damu, na Masoud akahitaji kusema bwana yule ametoka wapi. Rafiki yake Hamad, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, akapiga kelele, "Huyo wa Makangale huyo!" Walicheka mpaka wakalazimika kurikodi upya, na neno likabaki. Makangale ni kule mwisho wa barabara, ukishaupita msitu wa Ngezi, na Masoud hakuwa amefika huko maishani mwake. Tuseme ukweli: sisi Wapemba tumechoshwa na kila mgeni wa Unguja na wa bara anayetuuliza kwa kicheko cha woga kama ni kweli usiku tunapaa kwa uchawi. Masoud akatupatia pa kuitupia shutuma hiyo, mbele kidogo, kaskazini, kwa watu wengine. Ndiyo maana tulicheka sana.

Lakini huyu Masoud ana jambo jengine zaidi ya mzaha. Ni mdadisi wa kupindukia. Ana daftari la skuli lenye jalada la kijani, na ndani yake ameandika, kwa hati nzuri, nani hufa wa kwanza. Aligundua mapema kwamba katika filamu za kutisha za Marekani, akiwamo mtu mweusi, huyo ndiye atakayetumwa ghalani kuangalia ile kelele. Atasema anarudi sasa hivi, na hatarudi. Masoud akawa anaandika jina la filamu, dakika, na aliyekufa. Kati ya filamu sitini na moja zilizokuwa na mtu mweusi, katika arubaini na nne mtu huyo hakufika nusu ya picha. Kwa huruma alikuwa akimpa sauti yake nzuri kuliko zote, ile ya tatu, maana alijua hakai.

Basi mwishoni mwa mwaka jana Hamad, ambaye ni mchukuzi bandarini Mkoani, akamletea flashi yenye filamu mpya. Nesi mmoja, mwanamke mweusi, anahamia mji mdogo wa milimani kufanya kazi. Watu wa mji ni wazungu, wapole mno, wanamletea keki mlangoni. Wanamwonya kitu kimoja tu: asivuke mto, maana ng'ambo kuna mnyama. Masoud akafungua daftari, akashika kalamu. Dakika ya ishirini ikapita. Ya arubaini ikapita. Ya sitini nesi bado mzima, tena kamera haimwachi, kila kitu tunakiona kwa macho yake. Masoud akaiweka kalamu chini akasimama wima mbele ya kompyuta kama mtu anayesikiliza khabari ya mpira dakika za mwisho. Nesi hakufa.

Kwa miaka kumi na sita alikuwa akizima filamu pale tu majina yanapoanza kupanda juu. Siku hiyo aliyaacha yapande. Alilitafuta jina la aliyeiongoza, akaliandika kwenye simu, na picha ikaja: mwanamke wa Kimarekani, mweusi, amevaa miwani na viatu vya mvua, nywele kasuka, anamnyooshea kidole mtu wa kamera kama anayegomba. Masoud aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo hakulala vizuri kwa udadisi. Akaanza kuzisaka filamu za waongozaji weusi wa kule: za mapepo, za wapelelezi, za watu wa farasi na bastola, za vyombo vinavyokwenda kwenye nyota. Akasoma kwamba si jambo la juzi. Tangu zama za mababu walikuwako watu weusi waliotengeneza sinema zao wenyewe na kuzionyesha kwa watu wao, wakati majumba mengine yakiwabagua. Hayo aliyaelewa. Kilichomkera ni swali moja. Mtu aliyedhulumiwa, kwa nini atengeneze hadithi ya zimwi? Si aseme tu kwamba kadhulumiwa?

"Mie wan'uliza nini?" alisema Bi Jawaher alipoulizwa, huku akichambua mchele. "Kamuulize huko huko Marekani."

Filamu ya nesi hakuitafsiri. Aliipenda mno, akaogopa kuiharibu. Ikakaa miezi.

Miezi hiyo hiyo nyumba ilikuwa inangoja barua ya posa. Binti yao, Shadya, anafundisha watoto wadogo hapo Wete, na mwaka uliopita aliwapeleka Ngezi kuangalia popo wakubwa. Aliyewatembeza msituni ni kijana mmoja mpole aitwaye Silima. Kuanzia siku ile Shadya akawa na mapenzi makubwa na popo. Wazazi walishaulizwa chini chini, wakaridhia. Kilichobaki ni wazee wa kijana kuja na barua yao iliyofungwa kwenye leso, kama desturi. Wiki zikaenda, mwezi ukaenda, barua haionekani.

Asubuhi moja Shadya aliingia chumba cha redio akasimama mbele ya meza ya baba yake.

"Baba, posa haiji."

"Haiji vipi?"

"Mamake Silima kakataa. Kasema mwanawe haoi nyumba iliyomfanya yeye zimwi."

"Nyumba gani hiyo?" Masoud aliuliza kwa hasira ya kweli, tayari kumtetea mama wa watu.

"Hii, baba."

Alimweleza bila ya kupandisha sauti. Kwao Silima ni Makangale, na ana mpwa wake, Saada, wa miaka tisa, anayesoma skuli ya Konde. Watoto wenzake wakijua tu kwamba ni wa Makangale humkimbia bombani. Si kwamba wanamkimbia tu. Wanamfuata nyuma wakimngurumia. Na mngurumo wenyewe ni wa kuiga.

"Ile sauti yako, baba. Ile ya sita, ya mazimwi."

"Nzaha tu ule, mwanangu."

"Kamwambie Saada basi kwamba nzaha," Shadya alisema, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Masoud alikaa na bisibisi mkononi, redio ya watu iko wazi mbele yake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mchana alimweleza mkewe, akitaraji asutwe, na angefarijika kusutwa. Bi Jawaher akasema tu, "Na mie n'kicheka," na hilo likawa zito zaidi.

Siku ya pili alipanda vespa yake akashika njia ya Konde, kompyuta ndani ya mkoba mgongoni. Aliichukua ili azifute filamu zake zote za mazimwi mbele ya macho ya yule mama. Njia nzima alijitungia maneno. Msitu wa Ngezi ulipomfunika juu, mtu huyu aliyewatisha Wapemba miaka kumi na sita akajikuta anasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo, kwa kuogopa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Akatokea upande wa pili. Akakuta mihogo. Akakuta karafuu zimeanikwa majamvini, baiskeli imeegemezwa ukutani, na mwanamke mmoja aliyemwelekeza nyumba ya Bi Mize bila ya kuuliza yeye ni nani. Karibu aone amedanganywa.

Bi Mize, mamake Silima, alikuwa amekaa barazani anachambua karafuu, kainamisha kichwa. Masoud akapiga hodi na salamu. Mama yule alikinyanyua kichwa kabla hajamaliza kuitikia.

"Sauti hiyo naijua," alisema.

"Ndo mie, Bi Mize. Masoud Kificho wa Jadida. N'kuja kuomba radhi."

"Kaa kitako, baba."

Akakaa. Wakaulizana hali, watu wa nyumbani, mvua, karafuu za mwaka huu. Hakuna lililorukwa. Ndipo Bi Mize akakung'uta vikonyo mapajani mwake.

"Radhi ntakupa, si kitu kikubwa. Ila n'na suala moja kwanza."

"Uliza, mama."

"Kwa nini sie? Twalikufanya nini?"

Yale maneno yote ya njiani hayakumfaa hata moja. "Sijui," Masoud alisema. "Wallahi sijui. Huku sijapata kufika. Leo ndo mara ya mwanzo."

"Na umetusema miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Bi Mize akarudi kwenye karafuu zake, vidole vinakwenda mbio. Hakukasirika, na Masoud hakujua afanye nini na mtu ambaye hakukasirika. Akafanya kile anachokiweza. Akaanza kumsimulia habari ya daftari la kijani: ghala, kelele, mtu mweusi anayetumwa, dakika anayokufa. Alisimulia kwa aibu mwanzoni, kisha akasahau aibu. Vidole vya Bi Mize vikapunguza mwendo.

"Arubaini na nne?"

"Katika sitini na moja."

"Na wao hao weusi, wafanya nini kwa hilo?"

"Wengine wafanya picha zao wenyewe. Za kutisha vile vile. N'nayo moja hapa."

"Hebu n'onyeshe."

Ikawa hivyo. Alasiri hiyo kompyuta iliwekwa juu ya stuli chumbani, dirisha likazibwa kwa kanga mwangaza usiharibu picha. Silima alirudi kutoka msituni na sare zake, akamkuta baba wa mchumba amekaa mkekani kwao, akasalimu na kukaa ukingoni mwa mkeka. Akaja Mzee Zubeir, kakake Bi Mize. Na mlangoni, nusu ndani nusu nje, akasimama Saada.

Masoud alitafsiri papo kwa papo. Alimpa nesi sauti ya msichana, bila ya kitambaa, ikatoka nzito na nzuri. Akawapa wazungu sauti za upole. Mambo yakaenda. Kisha mwenye duka akaegemea kaunta, akatabasamu, akamwambia nesi asivuke mto, maana huko ndiko anakotoka mnyama. Filamu ilikitaja kijiji chenyewe kwa jina. Lakini ulimi wa Masoud una mazoea ya miaka kumi na sita, na mdomo ulikuwa mbele ya akili.

"Mnyama huyo," alisema kwa sauti kamili, "anatoka Makangale."

Masoud akapiga kidole kusimamisha picha. Silima alikuwa ameziba uso kwa viganja. Mtoto mlangoni hakuonekana tena.

"Astaghfirullah. Bi Mize, ulimi huu... Nabadilisha. Narudi nyuma nabadilisha."

"Usibadilishe."

"Mama, si kusudi."

"Najua si kusudi. Ushasema. Endelea na hivyo hivyo ulivyosema, nataka nione utatutoaje."

Masoud alimtazama. Halafu akaitazama kompyuta, na ndipo akakumbuka filamu inakoelekea. Alikuwa ameiona mara sita. Akabonyeza.

Nesi anavuka mto. Mnyama hayuko. Kuna kuta zilizoungua, kuna kisima, na kwenye jiwe la kisima kuna jina limechongwa kwa ncha ya kisu. Ni jina la bibi yake. Ng'ambo ile ilikuwa ya watu weusi; wakatiwa moto, ardhi ikagawanwa na wale wapole wa keki, kisha mnyama akatungwa ili asitokee wa kurudi kuuliza. Sasa Masoud hana pa kukwepea. Kama mnyama ni wa Makangale, kisima ni cha Makangale, na bibi ni wa Makangale, na huyu nesi ambaye hafi ni mtoto wa Makangale kwa damu. Akayasema yote. Alianza kwa woga, kisha maneno yakaanza kumfuata yenyewe, na hajapata kutafsiri namna ile tena. Nesi akagusa jiwe akaita, "Bibi, n'kuja. Mie mjukuu wako," kwa Kipemba cha kaskazini ambacho Masoud alikuwa amekisikia barazani saa mbili tu zilizopita.

Ikabaki ile sauti ya sita. Zimwi halikutokea filamu nzima, na sauti haina mwenyewe. Mwenye duka alipokuja kisimani na bunduki, bado anatabasamu, bado anazungumza kwa adabu, Masoud akampa yeye. Mngurumo ukatoka kwenye yale meno mazuri meupe. Hapo ndipo Saada alipoingia chumbani mzima mzima, akakaa karibu na bibi yake, na hakuuondoa uso kwenye picha mpaka mwenye duka alipoanguka kisimani.

Majina yakaanza kupanda. Masoud akanyoosha mkono azime.

"Hao nani?" Bi Mize aliuliza.

"Waloifanya."

"Wasome."

Akawasoma, na mengi aliyatamka vibaya. Alipofika kwa mwongozaji akatoa simu akamwonyesha picha. Bi Mize aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Miwani, viatu vya mvua, kidole kimenyooshwa.

"Huyu kesha kuitwa," alisema.

"Kesha kuitwa nini, mama?"

"Hilo uloniita mie."

Masoud akaichukua simu yake taratibu. Swali alilolibeba miezi yote ile, la kwa nini aliyedhulumiwa atunge hadithi ya zimwi, akamsumbua nalo mkewe na Hamad, lilikuwa limejibiwa na mtu ambaye hata hakuulizwa. Furaha ikampanda, na aibu ikampanda nayo.

"Nikazifute zile zote?" aliuliza. "N'kuja nazo humu."

"Ukizifuta zako, za watu majumbani mwao utazifuta vipi? Kairikodi hii kama ulivyoisema hapa. Makangale usiiondoe. Kisha uipeleke kote zilikofika zile."

"Na habari ya vijana, Bi Mize?"

"Hiyo tutaiangalia," alisema, akaenda kutazama karafuu zake kabla jua halijazama.

Siku tatu Masoud hakutengeneza redio ya mtu. Alijifungia stoo, na Bi Jawaher hakutwanga hata kitunguu thomu. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda, Masoud hakunyamaza. Aliyasoma yote, pole pole, kwa ile sauti ya tatu. Hamad aliichukua flashi akaisambaza kutoka Mkoani kurudi juu. Wako waliolalamika kwamba filamu haina zimwi. Wako waliosema Masoud kazeeka. Kutoka Konde, Silima alimpigia Shadya akamwambia kwamba mchezo bombani umebadilika, kwamba siku hizi wanagombania nani awe nesi, na Saada anakataa kumpa mtu zamu. Kuhusu mama yake hakusema kitu. Shadya naye hakuuliza, akawa anafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Ijumaa ya tatu Mzee Zubeir alituma salamu kwamba atapita Jadida baada ya sala. Masoud akawaita wazee wawili wa mtaa, akakunja na kukunjua mkeka, akabadilisha kofia mara mbili. Kupita tu kunaweza kuwa kuja kukataa kwa heshima. Hata hilo lina desturi yake.

Mzee Zubeir alitokea kwa mguu kutoka kituo cha gari, kanzu imepigwa pasi, mkono wa kulia haushiki kitu. Masoud aliuona mkono ule mtupu, akajua barua haikuja. Nyuma ya mzee akaonekana Bi Mize, naye hakupaswa kuwapo, maana mama wa kijana hafuatani na wazee wa posa. Alikuwa amevaa baibui jipya. Alikuja mpaka kizingitini akasimama, wazee wa Jadida wakainamisha macho mkekani, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unajua kwa nini posa ilikwama. Akatoa chini ya baibui lake leso nyeupe iliyofungwa fundo, akaishika mbele kwa mikono miwili. Kisha akasafisha koo, akanguruma. Ilikuwa sauti ya sita, barabara kabisa.

"Hodi! Nnyama wa Makangale kaja kuposa!"

Nyuma ya pazia Shadya akapasuka kicheko kilichochanganyika na kilio, Mzee Zubeir akashika ukuta kwa kucheka, na wazee wakafuata. Bi Mize mwenyewe hakucheka. Alikuwa anamtazama Masoud, anangoja aitikiwe.

Masoud alifungua mdomo. Ana sauti kumi na nne, na alizitafuta zote, na hakupata hata moja. Machozi yalikuwa yanamteremka ndevuni. Bi Jawaher ndiye aliyetoka ndani, akaipokea leso, akasema karibu.